Verediana Hakulaza Ng'ombe Wote Zizi Moja

Ukiwauliza watu wa huku kwetu Maretadu ni nani aliyeiokoa hospitali yetu ya misheni katika ile miaka migumu, watakutajia daktari. Wengine watamtaja padri. Mimi ukiniuliza, nitakutajia ofisa utumishi, na najua utacheka. Nani humshukuru ofisa utumishi? Huyo ni mtu wa kukunyima likizo na kukuuliza kwa nini jana ulichelewa. Cheka tu, lakini nisikilize, maana mimi Brightness sina tabia ya kumsifu mtu bure, na wanaofanya kazi chini yangu wanalijua hilo vizuri.

Jina lake ni Verediana Basili, mzaliwa wa Nambis. Ni mrefu, mwembamba, na sauti yake ni ya chini sana. Hata mtu mkali kama mimi alilazimika kumsogelea ili amsikie, na ukishamsogelea Verediana umekwisha.

Baba yake, Mzee Basili, alikuwa mkulima wa mahindi na maharage kama sisi wote. Ukipita nyumbani kwake ungekuta ng'ombe wawili watatu, ukasema huyu ni maskini mwenzetu. Usingejua kwamba ng'ombe wake wengine walikuwa kwenye mazizi ya watu. Huku kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu mwenye akili halazi ng'ombe wake wote nyumbani. Mmoja humweka kwa shemeji, mwingine kwa jirani, mwingine humpeleka mbali kabisa kwa mfugaji wa Kibarbaig kule tambarare ya Hanang. Anayewekewa anakunywa maziwa na samadi anamwaga shambani kwake, lakini ng'ombe na uzao wake hubaki mali ya mwenyewe. Na ni kukosa adabu kuingia zizini kwa mtu ukauliza yupi ni wake na yupi amewekewa.

Verediana alipokuwa shule ya msingi, ugonjwa wa mifugo ulipita bondeni kwao ukafagia mazizi. Jirani yao mmoja, aliyezoea kujisifu kwamba ng'ombe wake wote analala nao na anamjua kila mmoja kwa kikohozi chake, alibaki na kamba mkononi. Mzee Basili naye alilia, maana wale wa nyumbani walikufa wote. Lakini mvua zilipokatika alishuka Hanang, akaenda kwa rafiki yake Gidahosh aliyekuwa akiishi upande wa pili wa Katesh, akarudi na mtamba. Uzao wa mtamba huyo ndio uliomsomesha Verediana mpaka chuo cha utawala Morogoro. Jambo hilo hakulisahau, na alihakikisha sisi wengine tunalisikia.

Alikuja hospitalini kwetu katikati ya miaka ya tisini. Wakati mbaya! Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na kila redio ikifunguliwa unasikia watu wamepunguzwa kazi. Mjini zahanati za watu binafsi na maduka ya dawa yalikuwa yakichipuka, na wauguzi wetu wazuri walikuwa wakiondoka mmoja mmoja bila hata kuaga. Masista wa Ulaya walikuwa wamezeeka na wanarudi kwao. Halafu wafadhili wakasema kwamba baada ya miaka michache msaada wao utapungua, hivyo hospitali ijipange na watu wachache zaidi. Kusikia hilo, kila mtu alianza kuishika kazi yake kama mtu aliyeshika kuku sokoni.

Verediana alianza kwa kuzunguka. Aliingia jikoni, maabara, stoo, wodini, na kila alikoingia aliuliza swali moja tu: "Wewe usipokuja kesho, nani atafanya?"

Kwenu labda swali hilo ni la kawaida. Kwetu lilileta balaa. Mpishi mkuu, mama Zita, aliweka mwiko chini akamtazama juu mpaka chini.

"Kwani mimi kesho nitakwenda wapi?"

"Hapana, mama, nauliza tu. Ukiugua, kwa mfano."

"Umeniona naumwa?"

Hadi jioni habari zilikuwa zimefika kila nyumba ya mfanyakazi: kuna mwanamke mpya ofisini, anapita anawatabiria watu vifo. Mama Zita aliombewa na jumuiya nzima. Mimi mwenyewe nilipoulizwa swali lile wodini nilimjibu vibaya, na sitarudia hapa nilichosema.

Verediana alirudi kwao Nambis mwisho wa juma akamweleza baba yake. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia, "Mwanangu, nani anapenda kuulizwa atakufa lini? Waulize kuhusu ng'ombe."

Jumatatu tukaitwa bwaloni. Verediana alisimama mbele, wala hakuzungumzia wafadhili. Alitueleza habari za jirani yao aliyebaki na kamba mkononi. Wote tuliijua miaka ile ya ugonjwa, na wazee walitikisa vichwa. Kisha akasema, "Kazi yako ni ng'ombe wako. Hakuna anayetaka kukunyang'anya. Nakuomba umweke kwa mtu mmoja unayemwamini, amtunze. Akiwa na ng'ombe wako, wewe unaweza kwenda likizo wakati wa mavuno, unaweza kuuguza mzazi, unaweza kuugua mwenyewe. Na mimi nawaahidi mbele ya daktari: aliyeweka kazi yake kwa mwenzake ndiye atakuwa wa mwisho kuguswa."

Hapo watu wakaelewa. Likizo wakati wa mavuno! Hakuna aliyewahi kuipata. Mama Zita ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfundisha msaidizi wake kupika kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari, akaenda kwao kuvuna maharage, akarudi amenenepa.

Aliyekataa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyehitajika kuliko wote. Huyo ni kaka Onesphory, mtu wa usingizi. Kwa wasiojua, upasuaji hauanzi na kisu. Unaanza na mtu anayekuchoma sindano ya ganzi mgongoni au kukulaza kabisa, kisha anakaa kichwani pako akihesabu pumzi zako mpaka uamke. Onesphory alikuwa peke yake katika kazi hiyo, miaka nenda rudi. Mama akikwama kujifungua, anaitwa Onesphory. Mtoto akimeza sarafu, Onesphory. Mama yake mzazi alizikwa yeye akiwa chumba cha upasuaji, na hakuwahi kupata likizo kamili tangu alipoajiriwa. Ungedhani mtu kama huyo angerukaruka kwa furaha kusikia habari ya msaidizi. Wapi! Verediana alinipendekeza mimi, nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji wa miaka kadhaa, na Onesphory akasema hana muda wa kufundisha.

"Nikimfundisha Brightness," alimwambia Verediana mbele yangu, "wafadhili watauliza kwa nini tuna watu wawili. Watambakiza kijana, kwa sababu mshahara wake ni mdogo. Nina watoto watano. Unaniambia nimchimbie mtu mwingine kaburi langu?"

"Nimekuahidi, Bwana Onesphory."

"Ahadi hailiwi na ugali."

Verediana hakubishana. Aliniambia nirudi wodini. Nilikasirika, nikamwambia ampe barua ya onyo. Akaniambia, "Barua inamfanya mtu aje kazini. Haimfanyi afundishe." Nilimwona mnyonge siku ile. Sasa nadhani mnyonge wa akili nilikuwa mimi.

Baada ya masika nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba yangu, nikaona watu wawili wanapanda njia na ng'ombe. Mmoja alikuwa Verediana. Mwingine alikuwa mzee wa Kibarbaig mwenye shuka na fimbo, amechoka na njia: ndiye Gidahosh, ametoka tambarare kwa miguu. Ng'ombe alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, na alikuwa na mimba. Waliingia kwa jirani yangu Onesphory. Zizi la Onesphory lilikuwa tupu tangu ule mwaka wa ugonjwa, na mke wake alikuwa akinunua maziwa ya watoto kwa watu.

Onesphory alitoka, akamwamkia mzee. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana. Hajambo mama watoto?"

"Hajambo."

Verediana alisogea na kamba. "Bwana Onesphory, baba yangu anakuomba umtunzie ng'ombe huyu. Anasema kule kwa mzee Gidahosh wamekuwa wengi."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Baba anasema mtu anayekesha na wagonjwa wa watu hawezi kumsahau ng'ombe wa mtu."

Hakusema neno lolote kuhusu kazi. Onesphory alimtazama ng'ombe, akamtazama mkewe aliyekuwa mlangoni. Kwetu ng'ombe wa kuwekewa hakataliwi ovyo. Ukimkataa, umemwambia mwenyewe kwamba huna haja na undugu wake. Na ukimpokea, mko pamoja. Akaipokea kamba.

Ng'ombe akazaa, watoto wakanywa maziwa. Verediana alipita mara mojamoja kumsalimu ng'ombe wake, anakunywa chai, anaondoka. Asubuhi moja, karibu na wakati wa kupanda, Onesphory alinisimamisha kwenye uzio. Alikuwa na kikombe cha maziwa mkononi, na uso wa mtu aliyeshindwa kesi.

"Yule mama amenifunga," akasema. "Kamba iko shingoni mwa ng'ombe, lakini aliyefungwa ni mimi. Kila nikikamua nasikia ananiuliza lile swali lake. Yeye kanikabidhi mali ya baba yake, na mimi nimeshindwa kukukabidhi bomba la sindano."

Akamalizia maziwa yake, akapangusa mdomo.

"Kesho uje chumba cha upasuaji," akasema. "Uje mapema. Na usije na hiyo midomo yako."

Alikuwa mwalimu mkali kupita kiasi. Alinigombeza kwa vitu ambavyo sijui hata aliviona vipi. Lakini alinifundisha kila kitu. Anayemweka ng'ombe vibaya hutoa jike tasa, mtunzaji akose hata tone la maziwa. Onesphory alinipa ng'ombe wa maziwa, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo. Mwaka mzima na zaidi nilifanya kazi akiwa amesimama begani pangu, sijawahi kufanya peke yangu hata mara moja. Nilipomwambia nimeiva, alisema, "Bado kidogo."

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Onesphory alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo miaka mingi, anaifunga kwa kitambaa chini ya suruali na kunyamaza. Alikuwa akisubiri. Angelazwa na nani ili apasuliwe, hali mtu wa usingizi ni yeye? Mganga hajigangi.

Zikaja mvua za El Niño. Waliokuwepo wanakumbuka: barabara zilikuwa mito, daraja la chini likaondoka, na gari la wagonjwa likakaa kama pambo. Asubuhi moja yule ng'ombe mwekundu aliteleza akazama kwenye mtaro wa maji nyuma ya nyumba. Onesphory akaingia kwenye matope kumvuta, maana ng'ombe wa kuwekewa akifa mikononi mwako, unasemaje kwa mwenyewe? Alimvuta mpaka akatoka. Ng'ombe akajitikisa akaenda kula majani. Onesphory hakuinuka.

Tulimbeba kwa machela. Ngiri ilikuwa imetoka na kubana, anatapika, jasho linamtiririka. Dokta Hermani, daktari wetu wa upasuaji, alimpima akasema hawezi kusubiri, na hakuna njia ya kumpeleka hospitali nyingine. Kisha akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Tulimkalisha juu ya meza, mgongo ameukunja, muuguzi mmoja amemshika mabega. Nikaanza kupapasa mifupa ya mgongo nitafute pa kuchoma.

"Chini kidogo," akasema Onesphory.

"Kaka, wewe leo ni mgonjwa. Nyamaza."

"Nimesema chini kidogo."

Alisema kweli, lakini sikumwambia. Sindano ikaingia vizuri, miguu ikafa ganzi, na Dokta akaanza. Onesphory amelala macho, anatazama taa, ananiuliza presha yake kila mara kama vile mgonjwa ni mtu mwingine. Nilianza kupumua. Ndipo Dokta Hermani aliposema kwa sauti ndogo, "Utumbo umekuwa mweusi. Lazima nipanue na nikate. Ganzi haitatosha. Mlaze kabisa."

Onesphory alisikia. Aligeuza kichwa akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona hofu machoni pake. Alikuwa amewalaza watu wa wilaya nzima na yeye mwenyewe hajawahi kulazwa na mtu.

"Brightness."

"Naam, kaka."

"Umejaribu mashine ya kufyonza?"

"Inafanya kazi."

"Mpira wa pili wa kooni?"

"Upo hapa."

Alifikiri atafute kosa, hakulipata. "Basi nilaze," akasema.

Nikamwambia ahesabu, kama yeye alivyokuwa akiwaambia wengine. Alihesabu kwa Kiiraqw, kama mtoto anavyohesabu kwa mama yake. Wak. Tsar. Tam. Hakufika nne.

Sikuondoa macho kwenye kifua chake hata kidogo. Nilikuwa nasali na kupima, napima na kusali, na kila nilipotaka kuchanganyikiwa nilimsikia akinigombeza kichwani: kwanza pumzi, kisha presha, halafu ndio ulie. Dokta alimaliza. Nikapunguza dawa, nikasubiri. Akafumbua jicho moja. Akajaribu kusema kitu, mpira ukamzuia, na nina hakika kilikuwa lawama.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa mke wake, na pembeni yake Verediana, matope mpaka magotini.

"Ameamka," nikasema.

Verediana alifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti. Hakuna aliyewahi kumsikia akitoa sauti kubwa. "Ni ng'ombe wangu," alikuwa akisema. "Ni ng'ombe wangu aliyemfanya hivi."

Mke wa Onesphory akamshika mkono. "Dada, ile ngiri ilikuwa inamsubiri siku zote. Bila ng'ombe wako, leo nani angemlaza?"

Onesphory alipata likizo yake kamili ya kwanza akiwa na mshono tumboni. Alikaa kizingitini anaota jua, anamtazama ng'ombe, na wapita njia walisema amekuwa mpole. Haikudumu.

Wafadhili walipokuja kutaka kuona watu wamepungua, Verediana aliwaonyesha kwamba wamepungua tayari, na hakuna aliyefukuzwa. Alikuwa amejua mapema nani anastaafu lini, nani mchumba wake yuko Singida na ataolewa huko, nani anainyemelea zahanati ya mjini. Kila aliyeondoka aliacha kazi yake imeshawekwa kwa mwingine, kwa hiyo hakuna nafasi iliyobaki tupu. Onesphory hakuguswa. Ahadi ya Verediana, tofauti na kaka alivyosema, ililiwa na ugali kwa miaka mingi.

Mwaka 2002 tukaambiwa sisi si wa mkoa wa Arusha tena. Tuna mkoa wetu, Manyara, na makao makuu ni Babati. Ofisi mpya zilihitaji watu wa utumishi wenye uzoefu, na Verediana akaitwa. Tulilia, lakini kazi haikusimama hata siku moja. Tekla, karani wake, alikaa kwenye kiti akajua kila kitu, maana yeye naye alikuwa amewekewa ng'ombe siku nyingi.

Wiki ya Verediana kuondoka, nilikuwa nimetoka zamu nimechoka na nimekasirika. Onesphory alikuwa anakaribia kustaafu, mtu mkuu wa usingizi sasa ni mimi, na kulikuwa na muuguzi anaitwa Vicent ambaye kila siku ananiomba nimfundishe. Kila siku nilimjibu, "Bado kidogo." Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri.

Nikawaona wanakuja kwenye njia. Onesphory mbele na kamba, Verediana nyuma. Aliyekuwa kwenye kamba alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mjukuu wa yule wa kwanza.

"Shikamoo, dada," nikamwambia Verediana.

"Marahaba, Brightness. Baba anakuomba umtunzie ng'ombe huyu. Anasema kwa Onesphory wamekuwa wengi."

Nikamtazama Onesphory. Alikuwa anatazama mlima, mzee yule, anajifanya hasikii, lakini alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mimi sikuweza kucheka. Machozi yalinitoka tu, nikawa nawashukuru wote wawili kwa wakati mmoja, maneno hayaeleweki. Nikaipokea kamba, nikamfunga mtamba kwenye nguzo, nikawakaribisha chai.

Walipoondoka nilivaa viatu nikaenda mpaka nyumba ya kina Vicent. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Kesho uje chumba cha upasuaji," nikamwambia. "Uje mapema."